Nianzie wapi ninapopanga viwanja kwenye shamba lenye mteremko: barabara, maji au idadi ya viwanja?

Mchoraji Chipukizi

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wale waliobobea katika kupanga na kupima viwanja.

Nimepewa kazi ya kuchora mpango wa awali wa kugawa shamba la hekta 4. Shamba lina umbo la mstatili, mita 160 kwa mita 250. Upande mmoja mfupi, ulio juu, unapakana na barabara ya umma, na upande wa pili mfupi, ulio chini, unaishia kwenye kijito. Kwa mujibu wa vipimo vya mwinuko, mita 170 za juu zina mteremko wa wastani wa asilimia 5, na mita 80 za mwisho kuelekea kijitoni zina asilimia 15 hivi. Mwenye shamba anataka viwanja vya makazi visivyopungua mita za mraba 600, na anataka vingi kadiri inavyowezekana.

Mchoro wangu wa kwanza una barabara mbili zenye upana wa mita 12, zilizonyooka kutoka barabara ya umma hadi kijitoni, na viwanja vya mita 20 kwa 30 pande zote mbili za kila barabara. Napata safu nne za viwanja 12, yaani viwanja 48. Hata hivyo unabaki ukanda wa mita 16 usio na matumizi kwenye upana wa shamba, na mita 10 mwishoni mwa kila safu. Maswali yangu ni matatu. Je, mpangilio wa namna hii unafaa kwa mteremko huu? Nitumie kigezo gani kuamua upana na urefu wa kiwanja badala ya kukariri 20 kwa 30? Na masalio hayo niyafanyeje?

Mhandisi wa Mitaro

Ndugu Mchoraji, nashukuru kwa kuleta vipimo kamili, kwa maana wengi huuliza swali hili bila hata kutaja mteremko.

Kabla ya kuhesabu kiwanja chochote, chukua ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, uchore juu yake njia ya maji tu. Jiulize tone linaloanguka juu kabisa ya shamba litapita wapi hadi lifike kijitoni, na litapita katika ardhi ya nani. Katika mchoro wako barabara zinashuka na mteremko, kwa hiyo maji ya uso wa ardhi yanatembea sambamba na barabara, yakivuka mpaka wa ubavuni wa kila kiwanja. Mwenye kiwanja cha kumi na mbili anapokea maji ya majirani kumi na mmoja waliopo juu yake. Zaidi ya hapo, kiwanja chenye upana wa mita 20 kwenye mteremko wa asilimia 5 kina tofauti ya mita 1 kati ya ubavu mmoja na mwingine, na kwenye asilimia 15 tofauti hiyo ni mita 3. Hapo kila mwenye nyumba atalazimika kujenga ukuta wa kuzuia udongo mpakani mwa jirani, na migogoro ya kuta za namna hiyo haina mwisho.

Barabara yenyewe nayo itaumia. Asilimia 5 si tatizo kwa gari. Asilimia 15 kwenye barabara ya udongo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa maji ya mtaro hupata kasi ya kutosha kuchimba korongo pembeni mwa njia, na korongo hilo halitaheshimu bikoni zako, yaani alama za mipaka ya viwanja.

Ningegeuza mpango wote. Barabara nyingi zikatize mteremko, na ni moja tu ishuke. Lakini zingatia kwamba barabara inayofuata kontua sawasawa haina mteremko wowote, na maji yatatuama mtaroni. Ielekeze kidogo kuvuka kontua ili ipate asilimia 1 hadi 2 kuelekea kwenye njia ya kutolea maji. Mtaro wa zege unaweza kuridhika na nusu ya asilimia moja, ila fundi anayeujenga lazima awe mwangalifu sana.

Mpangaji Mkongwe

Naungana na Mhandisi kuhusu maji. Mimi nitajibu swali la pili, kwa sababu ndilo linaloamua gharama ya mradi, na mara nyingi hujibiwa kwa mazoea.

Kila kiwanja kinabeba sehemu yake ya barabara. Kwa barabara ya mita 12 yenye viwanja pande zote mbili, kila kiwanja kinagharimia mita 6 za upana wa barabara hiyo, mara upana wa mbele wa kiwanja. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinakula mita za mraba 120 za barabara juu ya zile 600. Kiwanja cha mita 15 kwa 40, chenye ukubwa uleule, kinakula 90. Cha mita 12 kwa 50 kinakula 72. Ongeza kwamba bomba la maji, waya wa umeme na mtaro vyote hulipiwa kwa urefu wa barabara, na utaona kwa nini wachoraji huvutiwa na viwanja vyembamba vinavyoingia ndani sana.

Sasa angalia upande wa mjenzi. Tuchukulie kwa mfano kwamba kanuni zinataka aache mita 3 kila ubavu, mita 5 mbele na mita 3 nyuma. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinabakiza eneo la kujengea la mita 14 kwa 22, yaani mita za mraba 308. Cha mita 15 kwa 40 kinabakiza mita 9 kwa 32, ambazo ni 288. Cha mita 12 kwa 50 kinabakiza mita 6 kwa 42, ambazo ni 252, na humo nyumba inakuwa ukumbi mrefu wenye vyumba visivyopata hewa vizuri. Ukubwa wa kiwanja kwenye hati haujabadilika, ila kinachoweza kujengwa ndani yake kimepungua sana. Kwa makazi ya nyumba zinazojitegemea, mimi hupenda urefu wa kiwanja uwe kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya upana wake, na nikifika mara tatu huwa najua nimeanza kumnyima mnunuzi haki yake ili kuokoa barabara.

Urefu wa kiwanja pia ndio unaoamua umbali kati ya barabara na barabara. Ukishachagua urefu, safu mbili zinazopeana migongo zimekupa kina cha kitalu kizima. Mpango wa mitaa ya Manhattan, jijini New York, wa mwaka 1811 ulifanya hivyo hasa: vitalu vyenye kina cha takriban futi 200, vikagawanywa kwa kawaida katika viwanja vya futi 25 kwa 100 vilivyopeana migongo, na jiji limeishi na hesabu hiyo hadi leo. Ndiyo maana nasema usianze na kiwanja kimoja ukakirudia. Anza na upana wa shamba, toa barabara, kisha gawa kinachobaki.

Kwa shamba lako, hata kwa barabara zako zilezile mbili, mita 160 ukitoa 24 zinabaki 136, na safu nne zinapata urefu wa mita 34 kila moja. Kiwanja cha mita za mraba 600 chenye urefu huo kinahitaji upana wa mita 17.65. Mita 250 zinatoa viwanja 14 kwa safu, kwa jumla 56. Ukanda wako wa mita 16 umekwisha, na viwanja 8 vimeongezeka bila kuongeza hata hatua moja ya barabara.

Mchoraji Chipukizi

Nimeielewa hesabu hiyo vizuri sana, Mzee wangu. Lakini naona hatari mbele yangu: mwenye shamba akisikia namba 56, hatakubali tena kusikia habari ya kugeuza barabara zikatize mteremko. Nimwambie nini?

Mpangaji Mkongwe

Mwambie kwamba namba hiyo ni ya karatasi tupu. Nimeitaja makusudi ili ujue kwamba kuongeza idadi ya viwanja kwenye mchoro ni kazi rahisi, na kwamba idadi peke yake haithibitishi ubora wa mpango. Ndani ya zile 56 hakuna hifadhi ya kijito, hakuna eneo la wazi, hakuna mahali pa gari la zimamoto kugeuzia mwishoni mwa mita 250, na viwanja vya kona ni sawa na vingine, ingawa vinabanwa na barabara mbili. Mamlaka yoyote makini ya mipango itaurudisha mchoro huo, na hata ukipita, viwanja vya chini havitajengeka kwa gharama ambayo mnunuzi wa kawaida anaweza kuimudu.

Naomba unifuate katika mpango mbadala, ukiwa na kalamu mkononi.

Kwanza acha ukanda wa mita 30 kandokando ya kijito. Kila nchi ina kipimo chake cha kisheria, kwa hiyo thibitisha chako, lakini tufanye kazi na hicho. Zinabaki mita 220 za kushuka. Barabara kuu ya ndani, yenye mita 12, ishuke katikati ya shamba, na kila upande wake zibaki mita 74. Sasa shuka kutoka juu: safu ya kwanza yenye kina cha mita 34, barabara ya mlalo ya mita 12, safu ya pili na ya tatu za mita 34 zikipeana migongo, barabara ya pili ya mlalo ya mita 12, kisha safu ya nne ya mita 34. Umefika mita 160, karibu na pale mteremko unapobadilika. Mita 60 zilizobaki zipe safu ya tano yenye kina cha mita 48, na barabara ya mwisho ya mita 12 ikae kati ya safu hiyo na hifadhi ya kijito.

Hiyo barabara ya mwisho usiibadilishane na kitu kingine chochote. Mahali ambapo migongo ya viwanja inagusa hifadhi ya maji, baada ya muda mfupi utakuta uzio umesogea, mabanda yamejengwa na taka zimemwagwa kijitoni, na hakuna mpita njia wa kuona. Nyumba zikiwa na uso kuelekea kijito, na barabara ikiwa katikati, hifadhi inabaki kuwa ya wote kwa sababu inaonekana na wote.

Katika kila upande wa safu nne za juu, mita 74 zigawe hivi: kiwanja cha kona mita 20, na vingine vitatu mita 18 kila kimoja. Vya kawaida vinapata mita za mraba 612, na cha kona kinapata 680 ili kufidia nafasi inayoachwa pande mbili. Hapo una viwanja 32. Safu ya tano, kwa kuwa iko kwenye asilimia 15, iwe na viwanja vitatu tu kila upande, vyenye upana wa karibu mita 24.7 na ukubwa wa mita za mraba 1,184. Jumla ni 38. Barabara zinachukua mita za mraba 7,968, kama asilimia 20 ya shamba. Hifadhi ya kijito inachukua asilimia 12, na viwanja asilimia 68.

Mhandisi wa Mitaro

Mpango wa Mzee ni mzuri, na ninauunga mkono. Naomba kuongeza mambo ambayo mchoro hauyaonyeshi.

Barabara zikikatiza mteremko, safu ya kwanza, ya tatu na ya tano zitamwaga maji yake kwenye barabara iliyo chini yake. Safu ya pili na ya nne ni kinyume: ziko chini ya barabara yake, kwa hiyo maji yake yanakimbilia mgongoni, kwenye ardhi ya jirani wa nyuma. Acha njia ya maji ya mita 3 kwenye mpaka wa migongo, mita moja na nusu kutoka kila kiwanja, ielekee kwenye barabara kuu ya ndani na kuingia kwenye mtaro wake. Ukanda huo ubaki sehemu ya kiwanja, lakini haki ya kupitisha maji iandikwe kwenye hati na kwenye ramani ya upimaji. Usipoandika, mwenye kiwanja atakayejenga ukuta juu yake hatakuwa amevunja sharti lolote analolijua, na mafuriko ya jirani yake yatakuwa yametokana na mezani kwako. Ikiwa kutakuwa na mfumo wa pamoja wa majitaka, bomba la safu hizo mbili nalo litapita humo humo, kwa kuwa haliwezi kupanda kurudi barabarani.

Na ikiwa hakuna mfumo wa pamoja, swali la maji ya kunywa linakuwa zito. Kipimo kinachotajwa mara nyingi kati ya kisima na shimo la choo ni mita 30, na hutegemea aina ya udongo na kina cha maji ardhini. Katika viwanja vyenye upana wa mita 18, haiwezekani kila mtu achimbe kisima chake na shimo lake bila kukaribia la jirani, hasa jirani aliye juu ya mteremko. Lazima chanzo kimojawapo kiwe cha pamoja. Nashangaa jinsi jambo hili linavyosahaulika hadi siku ya watu kuhamia.

Suala jingine ni sehemu ya mwisho ya barabara kuu ya ndani. Kutoka mita ya 160 hadi katikati ya barabara ya chini kuna mita 54 kwenda mbele, na ardhi inashuka takriban mita 7. Ukinyoosha, sehemu kubwa ya kipande hicho ni asilimia 15. Ukitaka kisizidi asilimia 10, unahitaji barabara yenye urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo ni lazima iende mshazari ikikata safu ya tano, na viwanja vya safu hiyo havitakuwa mistatili tena. Usione shida kufanya hivyo. Mji wa San Francisco ulichorewa mitaa iliyonyooka juu ya vilima vikali, na mtaa wa Filbert una kipande chenye mteremko wa asilimia 31.5. Kwenye mtaa wa Lombard, uliokuwa na asilimia 27, ilibidi kona 8 zitengenezwe mwaka 1922 ili magari yaweze kupita. Afadhali kupinda kwenye karatasi sasa.

Afisa wa Mezani

Nitasema machache, kwa kuwa wenzangu wameeleza mengi.

Mimi hupitia michoro kama hii kabla ya kuidhinishwa. Kasoro ninayoiona katika mpango wa viwanja 38 ni kwamba hauna mahali pa watoto kucheza. Hifadhi ya kijito si uwanja wa michezo, kwa sababu ina mteremko mkali na hujaa maji. Toa viwanja viwili vya katikati katika upande mmoja wa safu ya tatu, ambako mteremko ni mdogo, uviunganishe kuwa eneo la wazi. Vinabaki viwanja 36. Wachoraji wengi hutenga kwa ajili ya eneo la wazi ile pembe isiyouzika, na wakaguzi wanaitambua mara moja.

Jambo la pili ni miisho ya barabara za mlalo. Zifikishe hadi mpakani kabisa mwa shamba la jirani na usizifunge kwa kiwanja. Jirani akigawa shamba lake kesho, barabara zitaungana, na wakazi hawatalazimika wote kutoka kwa mlango mmoja. Mpaka hapo itakapokuwa, weka sehemu ya kugeuzia yenye umbo la herufi T, hata kama itamega kipande cha kiwanja cha mwisho.

Kuhusu safu ya kwanza, ambayo mgongo wake unagusa barabara ya umma, andika sharti kwamba milango ya magari itatoka upande wa ndani tu. Viwanja vinane vikifungua milango moja kwa moja kwenye barabara yenye magari ya kasi, ajali zitafuata.

Mchoraji Chipukizi

Nawashukuru sana. Nimeanza kuuchora upya mpango huu, na nitampelekea mwenye shamba michoro yote miwili, ule wa 56 na huu wa 36, kila mmoja ukiwa na urefu wa barabara, mitaro na kuta za kuzuia udongo zitakazohitajika, ili alinganishe gharama badala ya idadi.

Nimebaki na swali moja dogo. Mipaka ya shamba si mstatili kamili. Upande wa mashariki ni mrefu kuliko wa magharibi kwa karibu mita 2, na upana wa juu unapungua kidogo chini ya mita 160. Je, tofauti hizo nizigawe kidogo kidogo kwenye kila kiwanja?

Mpangaji Mkongwe

Hapana. Ukizigawa kwenye kila kiwanja, hutapata hata viwanja viwili vyenye vipimo sawa, na atakayekuja kurudisha bikoni iliyong'olewa baada ya miaka mingi hatakuwa na namba ya kuishika. Shikilia vipimo kamili kwa viwanja vya kawaida, ukianzia kwenye barabara kuu ya ndani, halafu tofauti yote ya upana ibebwe na kiwanja cha mwisho cha kila safu mpakani mwa shamba. Hivyo vina mita za mraba 12 tu za ziada juu ya kiwango, na mita 34 za urefu zinamaanisha kwamba pungufu la sentimita 35 kwenye upana linazimaliza. Likizidi hapo, punguza upana wa kiwanja cha kona katika upande huohuo, kwa kuwa ndicho chenye akiba. Tofauti ya urefu iweke yote kwenye safu ya tano, ambako viwanja ni vikubwa na mita 2 hazitamwathiri mtu.

Na kabla ya bikoni ya kwanza kufukiwa, pigilia vigingi vya mti kwenye mstari wa katikati wa barabara kuu ya ndani, kuanzia juu hadi hifadhi ya kijito, kisha uutembee ukiwa na Mhandisi wako. Kontua za ramani huchorwa kwa kukadiria kati ya nukta na nukta, na mwamba au chemchemi ndogo inaweza kuwa imekaa hapo katikati bila kuonekana. Ukiikuta, sogeza barabara wakati bado ni vigingi vya mti.